Injini ikizima angani: mwongozo kwa mwanafunzi wa Cessna 172

Kila kundi jipya la wanafunzi linakuja na maswali yale yale. Nishike chekilisti kwanza au usukani? Nikiwa nimetoka tu uwanjani injini ikazima, nigeuke nirudi? Propela ikisimama, ndege inaanguka?

La mwisho nalijibu hapa hapa ili upumue: haianguki. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, injini ikizima inateleza. Hewa ikiwa shwari, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa juu na kasi ikiwa sahihi, kila futi 1,000 unazoshuka zinakusogeza mbele takribani maili moja na nusu za baharini. Injini kuzima peke yake si hukumu ya kifo. Hatari kubwa ni rubani kuinamia karatasi huku kasi inamponyoka, au kugeuza ndege kwa nguvu akiwa karibu na ardhi.

Mwongozo huu ni wa kukuandaa kwa somo lako na mwalimu. Namba ninazotoa ni za 172N, yenye kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), na 172S, yenye injeksheni, yaani mafuta hupulizwa moja kwa moja kwenye injini. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu. Na usijaribu haya peke yako angani: zoezi la kuzima nguvu linafanywa na mwalimu akiwa kiti cha kulia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitabu cha ndege yenyewe unayoirusha, uwe umesoma sura ya dharura. Klabu moja inaweza kuwa na 172 mbili zinazofanana kwa rangi lakini taratibu zao za dharura ni tofauti.
- Chekilisti ya karatasi, pale mkono unapofika bila kuangalia. Ikiwa kwenye begi la kiti cha nyuma, ihesabu kuwa haipo. Kagua pia kwamba ni ya modeli hiyo. Nakala za fotokopi huhama kutoka ndege hadi ndege.
- Kasi ya kuteleza kichwani: noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kwa 172N, noti 68 kwa 172S, ndege ikiwa na uzito wote unaoruhusiwa. Ukiamshwa usiku wa manane uitaje.
- Kimo cha ardhi ya chini yako. Hapa wanafunzi wa Nairobi huumbuka. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kipimakimo kikisoma 7,500 unajiona uko juu sana, kumbe una kama futi 2,000 tu za hewa, yaani dakika mbili na ushee, si zaidi ya tatu. Mwenzako wa Dar es Salaam au Mombasa akisoma 7,500 ana muda mara tatu na zaidi.
- Upepo unatoka wapi leo.
- Ukivuka maji, jaketi la kuokolea kwa kila mtu, limevaliwa. Lililo chini ya kiti halitakufaa.

Kabla ya kuingia njia ya kurukia

Sema kwa sauti, hata ukiwa peke yako: injini ikizima kabla magurudumu hayajanyanyuka, naondoa nguvu yote na kufunga breki. Ikizima nimenyanyuka na njia bado ipo mbele, natua juu yake. Ikizima na njia imekwisha, nashusha pua na kutua mbele yangu, kushoto au kulia kidogo.

Kidogo maana yake nyuzi 30 hivi kila upande. Kurudi nyuma hakumo kwenye orodha. Hesabu ni rahisi: kurudi kwenye njia uliyotoka si kugeuka nyuzi 180, ni zaidi ya 200, kwa sababu mgeuko unakutoa pembeni na lazima ujipange upya. Mgeuko wa namna hiyo unakula kimo ambacho huna, unapandisha kasi ambayo chini yake bawa huacha kubeba ndege, na unamalizia na upepo mgongoni. Mwalimu wako akikuonyesha siku moja, akiwa juu angani, mgeuko huo unapoteza futi ngapi, ziandike. Hata hizo ziongezee akiba, maana siku hiyo ulikuwa unajua linakuja.

Hatua

1. Kasi. Ukiwa umenyooka angani kwa noti 105 hivi, una kasi ya ziada: shikilia kimo hadi ishuke karibu na kasi ya kuteleza, ndipo ushushe pua. Ukiwa unapanda, hakuna ziada yoyote, kwa hiyo sukuma pua chini papo hapo, zaidi ya unavyodhani inatosha. Kisha zungusha trimu (gurudumu dogo linaloondoa uzito kwenye usukani) mpaka ndege ijishikilie kwenye kasi hiyo yenyewe. Trimu ndiyo inayokupa mkono wa pili. Asiyeitumia anapigana na usukani hadi chini na hapati nafasi ya jambo jingine.

 Propela itaendelea kuzunguka kwa upepo. Wengi hudanganyika hapo wakadhani injini bado inafanya kazi. Angalia nguvu, usiangalie propela.

2. Chagua pa kutua, geuka uelekee huko. Fanya hivi kabla ya kugusa kitasa chochote, kwa sababu kila sekunde unayoenda upande usiofaa ni kimo kimetupwa. Angalia pia chini ya bawa na nyuma ya bega lako. Sehemu nzuri mara nyingi umeshaipita.

 Ardhi ya kwetu ina mitego yake. Chai ya Limuru au Kericho inaonekana laini kama zulia, kumbe ni vishina vigumu juu ya mteremko. Mkonge wa Tanga na Kilifi una mistari iliyonyooka inayovutia, lakini heri barabara ya shamba kati ya vitalu kuliko mkonge wenyewe. Mbuga yenye nyasi ndefu huficha vichuguu na mashimo ya ngiri. Penye nyasi fupi zilizolishwa na ng'ombe ni afadhali. Uwanja wa mpira wa shule una urefu wa mita 100 hivi, magoli mawili na watoto, ilhali 172 inahitaji zaidi ya mita 150 za kubingiria hata kwenye lami ya pwani. Barabara ya murram ni nzuri mpaka umeme unapoikatiza. Nyaya huzioni kutoka juu, basi tafuta nguzo. Ufukwe maji yakiwa yamekupwa una mchanga mgumu wa kutosha, ila tazama watu na ngalawa zilizolala ubavu.

 Upepo uusome kwenye moshi. Vijijini haukosekani. Pwani msimu nao unakuambia: wakati wa kaskazi upepo unatoka kaskazini-mashariki, wakati wa kusi unatoka kusini na kusini-mashariki. Uwanja ukishauchagua, usiubadilishe isipokuwa una sababu ya wazi. Kuhamahama kati ya mashamba mawili kumewaacha wengi katikati, kwenye miti.

3. Mikono. Hizi ni hatua za kichwani, hazisomwi. Kwa 172N: joto la kabureta vuta liwake, valvu ya mafuta kwenye tangi zote mbili, kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele kabisa, ufunguo wa magneto (mitambo miwili inayotoa cheche) kwenye zote mbili, praima (pampu ya mkono ya kuwashia) ndani na imefungwa. Kama propela imesimama kabisa, pindua ufunguo hadi kuwasha.

 Kwa 172S: valvu ya kufunga mafuta isukumwe ndani, kichagua tangi kwenye zote mbili, pampu ya ziada ya mafuta iwashwe, mchanganyiko mbele kama injini haijarudi, ufunguo kwenye zote mbili, au kuwasha kama propela imesimama.

 Kuna walimu wanaofundisha kuanza sakafuni kwenye valvu na kupanda juu, ili mkono usiruke kitu. Sina ugomvi nao, lakini kwenye ndege ya kabureta mimi hudai joto liwe la kwanza, kama kitabu kinavyoanza. Joto hilo linatoka kwenye bomba la moshi, na bomba linapoa tangu sekunde injini ilipozima. Ukichelewa, unavuta kitasa kisicho na joto nyuma yake.

 Fanya taratibu: gusa, taja, sogeza, tazama jibu. Aliyekimbiza mikono anaweza kufunga kilichokuwa kinafanya kazi. Watakaoendelea na ndege za injini mbili wakumbuke Kegworth, Uingereza, Januari 1989, na Taipei, Februari 2015. Kote kuwili injini moja iliharibika na marubani wakazima ile nzima.

4. Sasa chekilisti. Hili ndilo jibu la swali la kwanza. Karatasi inakuja baada ya kasi, uwanja na mikono, na inakuja tu kama una kimo. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni futi 2,000 juu ya ardhi: ukiwa juu ya hapo fungua ukurasa, soma kwa sauti, hakikisha kila kitu mkono ulichogusa. Chini ya hapo macho yabaki nje. Ukiwa na abiria anayejua kusoma, mpe karatasi akusomee mstari mmoja mmoja, na asiendelee mpaka uitike.

 Usione aibu kutoimaliza. Tarehe 15 Januari 2009, Airbus A320 iligonga bata bukini ikiwa kama futi 2,800 juu ya New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Chekilisti ya tatizo hilo ilikuwa na kurasa tatu, imeandikwa kwa ndege iliyo juu sana angani. Rubani msaidizi, Jeffrey Skiles, aliisoma na hakufika mbali, maana walikuwa na dakika tatu na nusu tu. Nahodha, Chesley Sullenberger, aliwasha jenereta ya mkiani mapema bila kungoja zamu yake kwenye orodha, akaendelea kurusha ndege. Watu wote 155 walitoka mtoni wakiwa hai.

5. Redio. Tumia masafa uliyokuwa unaongea nayo. Usihangaike kubadilisha kama mtu anakusikia tayari. Asipojibu mtu, nenda 121.5, masafa ya dharura. Transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada) weka 7700, namba ya dharura. Sema MAYDAY mara tatu, kituo unachokiita, jina la ndege yako, tatizo, unakusudia kufanya nini, uko wapi na kwa kimo gani, watu wangapi ndani. Taja mahali panapojulikana: "maili tatu kusini mwa Ngong" inafaa kuliko "karibu na milima". Ukishasema mara moja, inatosha. Mnara ukikuuliza maswali wakati una shughuli, una haki ya kukaa kimya.

 Wanafunzi wengi huona haya kusema MAYDAY, wanaanza kueleza kwa heshima kwamba injini "ina shida kidogo". Sema neno lenyewe. Ukikuta ni jambo dogo utalifuta, na hakuna atakayekucheka.

6. Abiria. Maneno machache tu: kazeni mikanda, ondoeni miwani na kalamu mifukoni, kiti kisimame wima, tutatua shambani, ndege ikisimama tokeni mwende nyuma yake. Sauti yako ikitulia, yao inatulia.

7. Futi 1,000 juu ya ardhi: acha injini. Hapa majaribio ya kuwasha yanakwisha. Mchanganyiko vuta ukate kabisa, mafuta funga, ufunguo zima. Najua inauma kuachana nayo. Lakini injini inayoamka futi 300 na kufa tena futi 200 inakutoa kwenye mpango wako na kukuweka mbele ya uzio.

 Panga mzunguko wako uwe wa kawaida: ukiwa sambamba na mahali pa kugusa, uwe na kama futi 1,000. Lenga theluthi ya kwanza ya uwanja, si ukingo wake. Ukiwa juu kupita kiasi una dawa: flapu, kuteleza kwa ubavu, au kuzunguka zaidi. Ukiwa chini kupita kiasi huna dawa. Kuvuta pua juu "ili ufike" kunafupisha safari.

8. Kutua. Flapu shusha pale tu una hakika unafika. Kitabu cha 172N kinapendekeza nyuzi 40, cha 172S nyuzi 30. Zima swichi kuu ya umeme *baada* ya flapu. Flapu za 172 zinaendeshwa na umeme, na kosa la kuzima umeme kwanza nimeliona kwenye mazoezi mara nyingi mno. Fungua kitasa cha mlango kabla ya kugusa chini ili fremu ikijikunja usifungiwe ndani. Gusa chini mkia ukiwa chini kidogo, kwa kasi ndogo iwezekanavyo, kisha breki kwa nguvu. Kama lazima ugonge kitu, gonga na bawa. Hifadhi chumba mnachokaa.

9. Tokeni. Simu na begi viacheni. Hesabu watu mkiwa mbali na ndege, upande upepo unakotoka.

Moto wa injini angani

Hapa mpangilio unabadilika, maana sasa hutaki injini irudi. Kata mchanganyiko, funga mafuta, zima swichi kuu, funga joto na hewa ya ndani isipokuwa matundu ya juu. Shusha pua; 172S inataka noti 100, na moto usipozimika ongeza. Kisha tua bila injini. Usijaribu kuiwasha tena hata moto ukiwa umezimika.

Juu ya maji

Wanaovuka kwenda Unguja wapige hesabu kabla ya kuondoka. Pale mlango wa bahari unapobana, kati ya bara na kisiwa kuna kama maili 20 za baharini. Katikati una maili kumi kila upande, kwa hiyo unahitaji karibu futi 7,000 ili ufike nchi kavu, kukiwa hakuna upepo wa kukupinga. Ukivuka kwa futi 2,500 umekubali kwamba kuna muda mrefu ambao jibu lako pekee ni bahari. Fuata pwani hadi panapobana, panda, ndipo uvuke.

Ukilazimika kutua majini, tua sambamba na mgongo wa mawimbi makubwa, milango ikiwa imefunguliwa kitasa. Tarajia ndege kupinduka, kwa sababu magurudumu hayakunjiki. Jaketi usilijaze hewa ukiwa ndani. Novemba 1996 Boeing 767 iliyotekwa nyara, ikiwa safarini kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Miongoni mwao wapo walionusurika kishindo, lakini walikuwa wamejaza jaketi kabla ya kutoka. Maji yalipoingia yaliwabana juu darini.

Injini haijazima, ila inasumbua

*Mizunguko ya injini inashuka polepole, kisha injini inatetemeka.* Kwenye ndege ya kabureta, shuku barafu ndani ya kabureta, hata pwani kwenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa kuloa shati. Vuta joto lote. Kwanza itazidi kutetemeka, kwa sababu barafu inayeyuka na maji yanaingia kwenye injini. Hapo ndipo wengi hurudisha kitasa wakidhani wameharibu. Kiache kilipo hadi itulie.

*Inatetemeka ghafla, joto la kabureta halisaidii.* Jaribu magneto moja moja. Ikitulia kwenye moja, baki hapo na uende uwanja wa karibu. Ikizima ghafla kwenye mojawapo, rudisha zote mbili mara moja.

*Tulishaweka tangi zote mbili lakini bado inakosa mafuta.* Jaribu la kushoto peke yake, halafu la kulia.

*Nimefuata chekilisti, mchanganyiko uko mbele, na haiwaki. Niko futi 9,000.* Juu kule kitasa cha mchanganyiko kikiwa mbele kabisa, mafuta ni mengi mno kwa hewa iliyopo. Rudisha kitasa chekundu nyuma taratibu huku kitasa cha nguvu kikiwa wazi kiasi, hadi injini ishike.

*172S imerudi baada ya kuwasha pampu.* Kimo kikiruhusu, zima pampu utazame kipimo cha mtiririko wa mafuta. Ukishuka hadi sifuri papo hapo, pampu ya injini imekufa: washa ya ziada na uiache hivyo.

*Shinikizo la oili limeshuka.* Tazama joto la oili. Likibaki kawaida, huenda ni kipimo tu, lakini tua uwanja wa karibu ukakague. Likipanda, hesabu dakika: punguza nguvu, chagua uwanja sasa, na ubaki juu yake.

*Nguvu imebaki nusu na ndege bado inashikilia kimo.* Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko injini iliyozima kabisa, kwa sababu inakubembeleza uendelee na safari. Ichukulie kama itazima dakika ijayo. Geukia uwanja wa karibu, pita juu ya sehemu unazoweza kutua, usishuke mapema. Ukifika, usipunguze nguvu iliyobaki hadi uwe na uhakika wa kufika kwenye njia hata ikizima.